Tone la Katikati

Si la injini. La injini ni jeusi, hudondoka mbele, usawa wa taa.
Si maji ya rejeta wala ya breki.
Hili limeanguka katikati, chini ya tumbo la Delika,
rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni,
harufu ya kiberiti na kitunguu kilichooza.
Juu ya theluji ya Machi limeacha tundu dogo
kana kwamba mtu kazima njiti hapo.

Miezi saba tangu tumzike Bimurza.
Miezi saba nashika usukani wake, Mestia hadi Ushguli,
nikipakia wageni na fimbo zao za kupandia milima,
na gari halikulalamika
hadi juzi, mteremkoni, nilipoingiza magurudumu manne:
chini ya kiti changu kikaanza kilio chembamba,
mbu ndani ya chupa.
Mgeni mmoja akauliza.
Nikamwambia ni upepo.

Jokola akajilaza uvunguni.
"Kwanza nati ya kujazia. Ya kumwagia baadaye.
Ukishamwaga, kisha ya juu ikagoma,
utabaki na gari kavu na mdomo wazi."
Akaingiza kidole cha mwisho kwenye tundu la transfa
hadi kifundo cha pili.
Kikatoka kikavu.
Akaninyooshea kile kidole, kimya,
kama jirani anavyokuonyesha mtungi mtupu.

"Sili ya nyuma imechoka. Lari thelathini.
Ila huku kuvuja hakukuanza jana, Tsitsino. Ni kwa miaka.
Nani alikuwa anaijaza?"

Ghalani, nyuma ya viazi na skii zilizovunjika,
nikakuta bomba la sindano la kumchanjia ng'ombe,
kipande cha mpira,
kopo la oili limezibwa kwa kitambaa cha shati lake la buluu.
Na ukutani, kwa penseli, mistari:
minne imesimama, wa tano umeikata,
safu juu ya safu hadi usawa wa macho yake.
Kumbe kila Jumamosi
aliponiambia anakwenda kumtazama ng'ombe.

Haba na haba hujaza kibaba, husema watu.
Hawasemi kwamba haba na haba hukimaliza pia,
na kwamba kati ya hizo mbili
mtu anaweza kulala chali kwenye tope miaka sita.

Nilikasirika. Naandika hivi kwa kuwa mazishini nilisema mengine.
Lari thelathini, Bimurza!
Unajaza kinachovuja, unaingia ndani, unanawa mikono,
unaniuliza kama supu imekolea chumvi.

"Usiharakie sili," Jokola akasema.
"Hata mpya itatema vilevile."
Juu ya transfa, mahali pasipoonekana,
pana kijibomba cha kupumulia, chembamba kama mrija.
Kilikuwa kimeziba kwa tope la Enguri.
"Chuma kikipata joto, hewa hutanuka.
Ikikosa pa kutokea juu, husukuma oili itoke chini.
Sili haina kosa. Hii kitu ilinyimwa pumzi tu."
Akakivuvia. Donge likaruka, dogo kama mbegu ya tufaha.
Akacheka.
Mimi nikaenda nyuma ya mnara wa ukoo,
nikakaa huko muda,
nikarudi nimenawa uso kwa theluji.

Sili ikabadilishwa. Tukajaza hadi oili ikagusa ukingo wa tundu
na kuanza kutiririka kwenye kiganja chake. Tukafunga.

Usiku nikatandaza katoni uvunguni.
Asubuhi, safi.
Ya pili, safi.
Asubuhi ya tatu niliitazama kuliko ilivyostahili,
nikaigeuza upande wa pili,
kisha nikaikunja nikawashia jiko.

Jumamosi nilijikuta ghalani, penseli mkononi,
mbele ya ule ukuta.
Sikujua nichore nini.

Basi nikaenda, kweli, kumtazama ng'ombe.